Aipisi nane, usiku mmoja, Kongwa

Shangazi aliinama kwenye darubini akakaa hapo kama sekunde kumi, akainuka akaniangalia. "Baba, mbona naona giza tu?" Nikamwambia sogeza jicho karibu kidogo shangazi, karibu zaidi, akasogea, miwani yake ikagonga chuma nikaisikia kabisa ile tik, akainuka tena. "Hamna kitu baba. Labda ni haya macho yangu ya uzee."

Macho ya shangazi hayakuwa na shida yoyote. Kwenye fokasa (ile sehemu inayoshika lenzi ya kuchungulia, unaizungusha kukaza picha) nilikuwa nimeweka aipisi aina ya Plössl ya 10mm, ile iliyokuja na darubini ndani ya boksi, na Zohali (najua wengine mmezoea kuiita Sarateni) ilikuwa imetulia katikati kabisa, mimi mwenyewe naiona safi lakini mpaka nivue miwani nibandike jicho kope zifagie kioo. Nikaitoa. Nikaweka nyingine ya 9mm, nikamwambia jaribu tena shangazi, na miwani usivue, kaa nayo hivyohivyo. Akainama. Akanyamaza. Yaani alinyamaza mpaka binti yake akaanza kuuliza mama vipi, unaona, ndo akasema taratibu bila kuinua kichwa, "Kumbe ina kamstari."

Hapo ilikuwa saa kumi alfajiri kuamkia Jumapili ya tarehe 29 Juni 2025, uani kwa shangazi huko Kongwa, na swali ambalo nimekuwa nikiulizwa na kujiuliza mwenyewe tangu ninunue darubini nikawa nimepata jibu lake. Ninunue aipisi gani? Aipisi ni ile lenzi ndogo unayochungulia kwa jicho, inachomekwa na kuchomolewa, na watu wengi wakishanunua darubini hela yote imeishia kwenye bomba na kioo kikubwa, zile aipisi mbili za kwenye boksi wanaziona kama nyongeza tu. Mi nasema aipisi ni nusu ya darubini. Kioo kikubwa kazi yake ni kukusanya mwanga, ila unachokiona kwa jicho lako, upana wake, ukali wake, giza la anga nyuma ya nyota, na kama utaweza kukaa hapo dakika tano au utachoka kwa sekunde ishirini, hayo yote yanaamuliwa na hako kachuma kadogo.

Nilikuwa nimekusanya aipisi saba kwa miaka michache, kidogo kidogo, na jamaa yangu mmoja alikuwa amekuja likizo na yake moja ya maana sana, tukasema basi tuzilinganishe zote usiku mmoja, anga moja, vitu vilevile. Hili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukijaribu aipisi hii leo na ile mwezi ujao, hapo katikati hewa imebadilika, vumbi limeongezeka, umechoka, unajikuta unalinganisha hali ya hewa wala sio lenzi. Mwisho wa Juni kwa Dodoma yote ni wakati mzuri, mvua zimekwisha zamani, anga kavu, shida ni upepo na baridi tu. Na mwezi ulikuwa mchanga, ukazama mapema, ukatuachia giza.

Darubini yenyewe ni Dobsonian ya inchi 8, yaani ya kioo, inakaa kwenye kitako na unaisukuma kwa mkono, kioo cha 203mm, urefu wa fokasi (umbali toka kioo mpaka picha inapokaza) 1200mm. Hesabu ya ukuzaji ni rahisi, unachukua 1200 unagawa kwa namba iliyoandikwa kwenye aipisi, kwaiyo ya 25mm inakupa mara 48, ya 10mm inakupa mara 120, ya 6mm mara 200, namba ikiwa ndogo ndo inakuza zaidi na hapa wageni wengi wanajichanganya. Ila ukuzaji ni jambo moja tu, na kwa maoni yangu sio la kwanza.

Tulianza saa moja na nusu usiku na Omega Centauri. Kama hujawahi kuitazama, angalia kusini mwezi Mei au Juni, juu kidogo upande wa kushoto wa Salibu, utaona kama nyota yenye ukungu ukungu. Ile sio nyota, ni fungunyota lenye nyota kama milioni 10, mwanga wake umesafiri miaka 17,000 hivi kufika kwenye jicho lako. Kwetu huku linapita juu karibu nyuzi 49, sehemu nzuri kabisa ya anga. Na hapa kuna kitu nataka nikiseme kwa nguvu. Maelezo mengi ya aipisi unayosoma mtandaoni yameandikwa na watu wa Uingereza, Ujerumani, Marekani ya kaskazini, na wao fungunyota lao la kujaribia ni M13, ambalo upana wake ni kama theluthi mbili ya mwezi mpevu. Omega Centauri huko kwao haichomozi kabisa. Yetu ni pana kuliko mwezi mpevu! Na nebula ya Carina, lile wingu la gesi, nayo ni kubwa, inajaza uwanja (kipande cha anga unachokiona ukichungulia) na kumwagika nje, na Mawingu ya Magellan, zile galaksi ndogo mbili jirani zetu, ndo usiseme. Kwaiyo mtu wa Ulaya akikuambia aipisi nyembamba inatosha, kwake inatosha kweli, kwetu sisi anga la kusini limejaa vitu vipana, na upana wa uwanja unakuwa na thamani ambayo yeye hana sababu ya kuijua.

Tukaweka 32mm kwanza. Plössl, mara 37, uwanja kama digrii moja na robo na kidogo, karibu ndo upana wa mwisho unaoweza kupata kwenye aipisi za bomba la inchi moja na robo. Fungunyota linaonekana kama unga uliomwagika, mweupe, laini, hamna punje. Anga nyuma yake sio jeusi, ni kijivujivu. Tukaweka 25mm, unga ukaanza kuwa chenga pembeni. Tukaweka ile ya jamaa yangu, 14mm ya digrii 82 (hizo ni za upana wa duara unaloliona mbele ya jicho, sio za kipande cha anga), mara 86. Hapo kila mtu aliyechungulia alitoa sauti. Chenga ziligeuka mchele, punje moja moja mpaka katikati kabisa, kama mchele umetandazwa kwenye ungo mweusi, na bado ungo wenyewe unauona, kuna giza limelizunguka fungunyota lote pande zote, halijabanwa. Uwanja wake ni karibu digrii moja kamili, yaani unapata ukuzaji karibu mara mbili ya ile 25 na kipande cha anga karibu kilekile. Ndo maana ya digrii 82 hiyo. Kingo za duara huzioni ukitazama katikati, inabidi uzungushe jicho kuzitafuta, unasahau kama kuna chuma mbele yako.

Alafu tukaweka 10mm, Plössl ile ya boksi, mara 120. Punje zipo, kali kabisa, lakini fungunyota limejaa duara lote mpaka limegusa ukuta, ni kama kutazama ngoma kupitia tundu la mlango. Ya 9mm ya digrii 66, mara 133, inakuza zaidi na bado inaonyesha eneo kubwa kuliko ile ya 10, na hapo ndo tukaanza kuelewana.

Plössl nisiziseme vibaya. Ni muundo wa Georg Simon Plössl wa Vienna, mwaka 1860, lenzi nne tu katika jozi mbili, na mpaka leo ukitaka picha safi katikati kwa hela ndogo hujakosea. Ile 25 na ile 32 naziheshimu sana. Shida ya Plössl ni kwamba nafasi ya jicho, yaani umbali ambao jicho linaweza kukaa kutoka kwenye kioo na bado likaona duara lote, inapungua pamoja na namba, ni kama asilimia 70 ya hiyo namba. Ya 25 inakupa 17mm hivi, raha. Ya 10 inakupa 7mm tu. Miwani peke yake inakula zaidi ya hapo. Kwaiyo shangazi alipoona giza alikuwa sahihi kabisa, mwanga ulikuwa unatoka, unakutana sehemu ambayo jicho lake halifiki. Ndugu zangu mnaoonyesha nyota mashuleni au kwa wazee kijijini, mtu akikuambia haoni kitu usimwambie angalia vizuri. Angalia wewe umeweka aipisi gani.

Hizi za digrii 66, zile zenye mstari wa rangi ya dhahabu shingoni, zinauzwa kwa majina kibao lakini ni kitu kilekile, zipo nne: 6, 9, 15 na 20. Mimi ninazo tatu, 6, 9 na 20, na naomba mnisikilize vizuri hapa maana ni hela yenu. Ya 6 na ya 9 ni nzuri mno kwa bei yake. Ya 20 hapana. Sababu iko ndani. Zile fupi, kwa chini, ndani ya bomba, zimejengewa lenzi za kutawanya mwanga, kama Barlow (lenzi ya kuchomeka chini ya aipisi kuongeza ukuzaji) iliyomo mlemle, hiyo inafanya mwanga unaoingia kwenye lenzi za juu uwe mpole na inalisogeza jicho mbali, ndo maana unapata kama 15mm hata kwenye ile ya 6. Zile ndefu hazina hicho kipande. Kwenye darubini kama yangu yenye uwiano wa f/5.9, yaani 1200 gawa kwa 203, mwanga unaingia kwa pembe kali, lenzi rahisi zinashindwa kuushika pembeni. Kwenye darubini ndefu ya f/10 au f/12 hutaona shida hiyo sana, kwaiyo mtu akiisifia 20 muulize kwanza darubini yake ni ipi.

Tuliiona kwa macho. Ukiweka nyota kali katikati kwenye ile 20 ni nukta, safi. Isukume darubini taratibu nyota iende pembeni, ikishapita theluthi mbili ya njia inaanza kuota mabawa, ikifika ukingoni ni kandege kabisa, kama wale ndege watoto wanaochora kwenye picha za bahari. Sasa hapo fanya jaribio moja dogo, zungusha fokasa. Nyota ikikaza tena ikawa nukta, basi ni uwanja tu umejikunja, mchezo mdogo huo. Ikikataa, inatoka bawa la kulala inakuja bawa la kusimama, hiyo ni astigmatizimu ya aipisi, lenzi haikazi mwanga sawa pande zote, na hakuna dawa. Yetu ilikataa. Kuna kitu cha tatu cha kuangalia kabla hujailaumu aipisi, nyota za pembeni zikiwa na mikia kama vimondo vidogo, yote inaelekea nje, hiyo ni koma, inatoka kwenye kioo kikubwa cha darubini yenyewe, aipisi haihusiki, hata ununue ya bei gani mkia upo. Kwenye ile 14 ya jamaa yangu mikia midogo ilikuwepo ukingoni kabisa, mabawa hamna.

Na kuna jicho lako. Mi nina astigmatizimu kwenye jicho la kulia na ndo jicho ninalotumia. Nikivua miwani nikatumia 32mm, nyota zote ni vimsalaba vidogo. Nikiweka 9mm bila miwani, vimsalaba vimepotea, ni nukta. Hii ilinisumbua mwaka mzima nikidhani 32 yangu ni mbovu. Mwanga unatoka kwenye aipisi ukiwa kama kifimbo chembamba, na unene wake unaupata kwa kugawa namba ya aipisi kwa 5.9, kwaiyo ile 32 inatoa kifimbo cha milimita 5 na nusu kasoro, ile 9 inatoa cha milimita moja na nusu. Kifimbo kinene kinapita sehemu kubwa ya lenzi ya jicho lako na kasoro zake zote zinaonekana, chembamba kinapita katikati tu ambapo jicho la karibu kila mtu ni zima. Jinsi ya kujua nani mwenye kosa: ukiwa unatazama, laza kichwa bega la kulia, alafu la kushoto. Kamsalaba kakizunguka na kichwa chako, ni jicho. Kakibaki palepale, ni vioo. Kwaiyo mwenye tatizo hili kwenye ukuzaji mdogo baki na miwani, na kwa Plössl ndefu nafasi ipo, kwenye ukuzaji mkubwa unaweza kuivua. Anayevaa miwani ya kuona karibu au mbali tu bila astigmatizimu anaweza kuivua muda wote, fokasa inarekebisha.

Hichohicho kifimbo ndo kilifanya anga liwe kijivu kwenye 32. Mwanga wa anga nao unaingia kwa unene uleule. Nikiwa nyumbani Dodoma mjini, siku hizi taa zimekuwa nyingi mno, 32 siigusi kabisa, natumia ile 9 kulitia anga giza. Na mboni ya kijana gizani inafunguka mpaka milimita 7, ya mtu mzima inaweza kuishia 5 au chini yake, kwaiyo kwa shangazi sehemu ya mwanga wa ile 32 inapotea hata kuingia haiingii.

Zumu nayo tuliijaribu, aipisi moja unayoizungusha kubadilisha namba, ya 8 hadi 24. Nitasema haraka. Kwenye 24 ni nyembamba sana, digrii kama 40, unahisi unachungulia bomba la maji. Ukizungusha kuja 8 inafunguka mpaka karibu digrii 60 na picha inakuwa nzuri kuliko nilivyotegemea, sio mbali na ile ya 9. Kila ukibadilisha lazima uguse fokasa kidogo. Kwa mtu mmoja anayetazama peke yake sioni sababu sana, ila ukiwa na watoto thelathini kwenye foleni na hutaki kuchomoa na kuchomeka vitu gizani ni msaada mkubwa, na kwa mtu anayeanza inamfundisha ni namba gani jicho lake linapenda kabla hajatoa hela. Kitu kingine ambacho nakiona kinadharauliwa ni Barlow ya mara mbili. Ile Plössl ya 25 ukiichomeka kwenye Barlow inakuwa kama 12.5, mara 96, na nafasi ya jicho haipungui, inaongezeka kidogo. Mwenye miwani ambaye hela hana kwa sasa aanze na hapo.

Saa sita usiku upepo ukawa mkali, bomba linatetemeka kila ukigusa, tukaingia ndani tukanywa chai. Jamaa yangu akawa anasimulia habari za Al Nagler, Mmarekani aliyeanzisha Tele Vue mwaka 1977. Kabla ya hapo alikuwa anatengeneza vioo vya simulata za kuwafundishia wanaanga wa Apollo kutua mwezini, ambapo rubani anatakiwa aone anga pana kama yuko dirishani kweli, na hilo wazo akalihamishia kwenye aipisi za digrii 82, ndo zikazaliwa Nagler. Leo kuna kampuni nyingine zinatengeneza za digrii 82 kwa bei ya chini zaidi, kama hii yake ya Explore Scientific, na zipo hata za digrii 100 ambazo moja tu inaweza kukaribia bei ya darubini nzima kama yangu. Sijawahi kutazama kupitia hizo kwaiyo sizisemi.

Saa tisa upepo ukatulia, Zohali ikawa imepanda vizuri mashariki. Mwaka 2025 pete zake zilitugeukia ubavu, mwezi Machi tulipita kabisa kwenye usawa wake, mwezi Juni zilikuwa zimefunguka nyuzi chache tu, kwaiyo ulikuwa unaona tufe limechomwa sindano katikati. Kwa kulinganisha aipisi hiyo ilikuwa zawadi, maana sindano nyembamba hivyo inahitaji picha yenye ukali. Plössl ya 10, nikivua miwani, ilikuwa kali kweli, sindano imenyooka, Titani, mwezi wake mkubwa, pembeni kama nukta ya kalamu. Kwa ukali wa katikati siwezi kusema ile 9 inaizidi. Nilijaribu kubadilisha mara nne, nikamwambia jamaa anibadilishie bila kuniambia ipi ni ipi, kwa ukali peke yake nilishindwa kuchagua.

Lakini darubini yangu haina mota. Dunia inazunguka, sayari inatembea, unaisukuma kwa mkono. Tukahesabu kwa simu, unaiweka Zohali ukingo mmoja unaiachia ipite mpaka ukingo mwingine. Kwenye 10mm ilichukua kama dakika moja na sekunde 44. Kwenye 9mm, ambayo inakuza zaidi, dakika mbili kasoro kidogo. Kwenye 14 karibu dakika nne! Sasa fikiria mtu ambaye hajawahi kuchungulia, unamwekea sayari, unasogea, yeye anakuja anatafuta pa kuweka jicho, sekunde ishirini zimekwenda, anagusa bomba, kumi zimekwenda, jicho limefika, linateleza, linarudi. Na kuona vitu vidogo kwenye sayari hakuji mara moja, hewa inatetemeka kama juu ya sufuria la moto, unasubiri, unasubiri, alafu kwa nusu sekunde inatulia na kila kitu kinakaa sawa, alafu inaharibika tena. Nusu sekunde hiyo anaipata aliyekuwepo. Ndo maana naweka nafasi ya jicho mbele ya ukuzaji, mbele hata ya ukali, maana ukali wa Plössl ya 10 shangazi hakuuona kabisa.

Ile 6mm, mara 200, tuliiweka dakika kama kumi tu. Picha kubwa, laini, sindano inacheza. Kuna nyakati mbili hewa ilitulia nikaona kivuli chembamba cha pete juu ya tufe, mstari mweusi kama uzi, nikamwita jamaa akaja ukawa umepotea. Kwa usiku mwingi 133 inatosha, 200 ni ya usiku uliokubali.

Saa kumi na moja mashariki kulikuwa na Zuhura inang'aa mpaka inakera macho, na kushoto yake, chini, Kilimia kimeshachomoza. Shangazi hakuwa ameenda kulala, alikuwa amekaa kwenye kigoda amejifunika blanketi, akakiona kabla yangu akanyoosha mkono. "Kile nakijua. Baba yako mkubwa alikuwa akikiona hivyo kinatoka na alfajiri anasema mwaka wa shamba umegeuka." Nikarudisha ile 32. Kilimia ni kipana, nyota zake kuu peke yake zinachukua digrii moja hivi, kwenye 25 kinaingia kwa kubanwa, kwenye 14 kinakatwa, zumu hata usijaribu. Kwenye 32 kinakaa chote na nafasi pembeni inabaki. Anga lilikuwa limeanza kufifia, lakini nyota za Kilimia ni kali, hazijali, zile kubwa zina weupe wa bluu bluu na katikati yake zimejaa ndogo ndogo ambazo kwa jicho tupu hazipo.

Akatazama na miwani yake, hamna tik. "Sisi tulikuwa tunahesabu sita," akasema. Akahesabu kwa sauti mpaka ishirini na tatu akaishia hapo, akasema zinaendelea.

Ya 14 nimeshamrudishia mwenyewe na naanza kuweka hela ya kununua yangu. Ya 20 na ile Plössl ya 10 nimeshaziondoa kwenye begi. Ya 10 nimempa kijana mmoja hapa mtaani ambaye havai miwani na ana kadarubini ka inchi tatu, ameifurahia sana na inamfaa. Begi sasa hivi lina 32, 25, 9, 6, Barlow na zumu ya siku za wanafunzi, pamoja na kipulizio cha mpira cha kutolea vumbi, maana vumbi la Kongwa ukilifuta na shati au kanga linakwangua kioo, ile 25 yangu ina mkwaruzo mpaka leo kwa sababu hiyo. Puliza kwanza. Kama kuna alama ya mafuta ya kope, kitambaa laini cha lenzi, tone moja la maji ya kusafishia lenzi, toka katikati kwenda nje, bila kukandamiza. Mwezi Agosti nikijaaliwa narudi kwa shangazi, Zohali itakuwa inapanda mapema, watoto waione kabla ya kulala.